Mgonjwa wa Kiharusi Aanze Mazoezi Akiwa Bado Hospitalini

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kiharusi. Ugonjwa huu unaufahamu. Karibu kila kijiji kina mtu aliyepooza upande mmoja. Asubuhi anatolewa nje aote jua. Jioni anaingizwa ndani. Mkono wake umekunjika kifuani. Vidole vimejifunga, na kucha zinamchoma kiganjani. Watoto wamezoea kumwona hivyo. Wanadhani ndivyo alivyozaliwa.

Watu husema, "Huyo ndiyo basi tena."

Lakini sikiliza. Sehemu ya ulemavu ule haikuletwa na kiharusi chenyewe. Ililetwa na kulala. Mgonjwa alilazwa chali wiki nyingi. Hakuna aliyemgeuza, hakuna aliyemkalisha, hakuna aliyeunyoosha mkono wake. Viungo vikakakamaa. Jambo hilo lingeweza kupunguzwa, na kazi ya kulipunguza huanza katika siku za kwanza, mgonjwa akiwa bado hospitalini.

Nayajua haya kwa sababu mwaka 2023 nilimuuguza kaka yangu mkubwa. Tulikaa hospitalini siku 13, mimi na shemeji tukipokezana. Nitakueleza tuliyoyaona na tuliyofundishwa.

Kwanza tuelewane kiharusi ni nini. Ubongo unalishwa na damu. Damu inapita katika mishipa, kama maji yapitavyo mferejini. Mara nyingine mshipa unaziba. Mara nyingine unapasuka. Sehemu ya ubongo inayokosa damu inakufa. Upande wa kushoto wa ubongo unaongoza mkono na mguu wa kulia. Upande wa kulia unaongoza mkono na mguu wa kushoto. Kwa watu wengi, maneno nayo yanaongozwa na upande wa kushoto wa ubongo. Ndiyo maana mtu aliyepooza mkono wa kulia mara nyingi hupotewa na maneno pia.

Kinacholeta kiharusi zaidi ni shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha. Si jini, wala si mkono wa jirani. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwahesabu wagonjwa wa kiharusi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika jiji la Dar es Salaam. Waliona kwamba ugonjwa huu ni mwingi kwetu. Ukilinganisha watu wa umri mmoja, Dar es Salaam ilizizidi hata nchi tajiri. Watafiti wengine waliwauliza watu wa sehemu hizo mbili: kiharusi kinatoka wapi? Wengi wa mjini walijibu kuwa ni mapepo na uchawi. Watu wa vijijini kule Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Hapo sisi wa shamba tuliwashinda wa mjini!

Sasa nikueleze juu ya kaka yangu. Yeye ni fundi cherehani. Sare za shule za kijiji chetu, nyingi zimepita mikononi mwake. Jumatatu moja asubuhi alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikamponyoka. Mdomo ukaenda upande. Shemeji akamuuliza, "Una nini?" Akajibu, "Ndiyo." Akamuuliza tena, "Unaumwa wapi?" Akajibu, "Ndiyo." Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia.

Shemeji ni mtu mwepesi wa kuamua. Hakusubiri wazee wakutane. Alimwendea mfanyabiashara wa alizeti mwenye gari, na jioni ile tukawa hospitali ya mkoa. Ukimwona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea, au maneno hayaeleweki, fanya kama alivyofanya yeye. Usimpe chakula wala maji. Usimpe aspirini, maana hujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Zipo dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hazipo katika kila hospitali. Tena hutolewa katika saa chache za mwanzo tu, baada ya ubongo kupigwa picha. Sisi tulichelewa kwa sababu ya umbali. Kaka hakuipata dawa hiyo. Picha ilionyesha kwamba mshipa uliziba.

Usiku ule wa kwanza hapakuwa na mazoezi. Wauguzi walimpima presha mara kwa mara. Walitufundisha jambo moja tu: jinsi ya kumlaza. Huenda ukaona ni jambo dogo. Kumbe lina kazi kubwa. Kaka aligeuzwa kila baada ya saa 2: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Mkono uliolegea uliwekwa juu ya mto, haukuachwa kuning'inia. Shuka lilinyooshwa lisiwe na mikunjo. Muuguzi alituonyesha mahali pa kutazama kila siku: kisigino, nyonga, mgongo chini karibu na makalio, na kiwiko. Ngozi ya hapo ikibadilika rangi na kubaki hivyo, kidonda kinakuja. Vidonda vya kulala huanza haraka, na kupona kwake huchukua miezi.

Jirani yetu kijijini alipatwa na vidonda hivyo miaka ya nyuma, katika hospitali nyingine ambayo siitaji. Wodi ilijaa, wauguzi walikuwa wawili. Hakuna aliyewaambia jamaa zake kwamba mgonjwa lazima ageuzwe. Aliletwa nyumbani ana shimo mgongoni la kuingia yai la kuku. Hakuuawa na kiharusi. Aliuawa na kidonda kile.

Basi, usingoje kuambiwa. Uliza, "Sista, nimgeuze vipi?" Muuguzi atakuonyesha.

Jambo la pili ni kula. Shemeji alikuja na uji katika chupa ya chai. Muuguzi akamzuia. Shemeji alinuna, maana mume wake hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi. Muuguzi akamketisha kaka wima, akampa maji kijiko kimoja kidogo. Kaka akakohoa. Sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni. Muuguzi akatueleza kwamba kiharusi hulegeza hata koo. Chakula au maji yanaweza kuingia katika mapafu, na mgonjwa akapata homa ya mapafu. Wengi hufa kwa hiyo, si kwa kiharusi. Kaka akawekewa mrija wa puani. Siku ya 5 alijaribiwa tena, akaweza. Alianza kwa uji mzito, kijiko baada ya kijiko, akiwa ameketi wima. Baada ya kula hakulazwa mpaka nusu saa ipite. Maji matupu yalikuja baadaye, kwa sababu maji huteleza upesi kuliko uji mzito.

Siku ya 2, saa 4 asubuhi, alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa kijana mdogo, umri wa mtoto wangu wa pili. Akamsalimu kaka, "Shikamoo, mzee." Kaka akajibu, "Ndiyo." Kijana hakucheka. Akamweleza kila jambo atakalolifanya, kama unavyomweleza mtu mzima mwenye akili zake. Hilo lilinifurahisha sana. Mtu aliyepotewa na maneno hajapotewa na akili. Mara nyingi anaelewa zaidi ya anavyoweza kujibu. Usimzungumzie juu ya kichwa chake kama hayupo.

Kijana yule alimketisha kaka ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu. Kaka aliinamia kulia kama mti unaotaka kuanguka. Tulimzuia. Alikaa dakika chache tu, akatoka jasho. Kijana akasema yatosha. Mchana akakalishwa tena. Jioni tena.

Nikamwambia, "Mwanangu, mbona kidogo hivyo? Sisi ni wakulima. Jembe tunashika tangu alfajiri."

Akanijibu kwa kunieleza habari ambayo nataka na wewe uijue. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa juu ya jambo hili hili. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 2,000, katika nchi 5: Australia, New Zealand, Malaysia, Singapore na Uingereza. Waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitolewa kitandani kabla ya saa 24 kupita, likafanyishwa mazoezi mengi na marefu. Kundi la pili lilitunzwa kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali zile, wenye mazoezi machache zaidi. Baada ya miezi 3, katika kila watu 100 wa kundi la mazoezi mengi, 46 walikuwa katika hali nzuri. Katika kundi la pili walikuwa 50. Kwa hiyo kumkimbiza mgonjwa siku ya kwanza hakumsaidii. Watafiti walipozichambua hesabu zile tena, waliona kwamba vipindi vifupi vinavyorudiwa mara nyingi vilikwenda pamoja na hali nzuri zaidi.

Je, unaielewa maana yake? Kumwacha mgonjwa alale tu wiki nzima ni vibaya. Kumchosha siku ya kwanza ni vibaya pia. Aanze mapema, daktari akisharuhusu. Afanye kidogo, apumzike, arudie.

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukubwani utalielewa jambo hili kuliko daktari. Kumbuka siku ya kwanza ulipoishika kalamu. Mkono uliozoea jembe ulikataa. Herufi "a" ilitoka kama yai lililopasuka. Mwalimu hakukuambia uandike kurasa 20 siku ile. Ulijaza mstari mmoja, kesho mstari mwingine. Leo unasoma gazeti hili. Nini kilibadilika? Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni ubongo. Ubongo ulifungua njia mpya kwa sababu uliirudia kazi ile mara nyingi.

Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa kiharusi. Sehemu iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza baadhi ya kazi zake. Zinajifunza kwa kurudia. Tena wiki za kwanza na miezi ya kwanza ndipo mwili hurudi kwa haraka zaidi. Baada ya hapo mgonjwa huendelea kupata nafuu, lakini polepole. Sasa fikiria wiki hizo zinapita mgonjwa akiwa kitandani, anatazama dari.

Siku ya 3 ilikuja shida nyingine, nayo ilitoka kwetu wenyewe. Baba mdogo alifika na gari la kukodi. Alikuwa na wazee wawili. Alisema kiharusi si ugonjwa wa hospitali. Alisema sindano zitamwua mwanawe, na kwamba yuko mganga wa kumchua na kumchanja. Gari lilikuwa linangoja nje, limekwisha kulipiwa. Katika ukoo wetu baba mdogo akisema, mambo yamekwisha. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa mwenye haki ya kwanza ya kusema pale alikuwa shemeji.

Shemeji akapiga magoti akamsalimu. Akasema, "Baba, wewe ndiwe mzee wetu. Sikatai neno lako. Nakuomba ukae saa moja tu. Yule kijana anakuja. Mtazame mwanao, kisha uamue."

Kijana akaja. Kaka akakalishwa. Siku ile aliweza kukaa bila kuegemea, akihesabiwa. Tulihesabu sote kwa sauti: moja, mbili, tatu. Ghafla tukamsikia na yeye anahesabu. Nne, tano, sita. Mtu ambaye kwa siku tatu hakuwa na neno ila "ndiyo"! Alipofika kumi akanyamaza. Tukamwomba ataje jina la mke wake, hakuweza. Kijana akatueleza kwamba hutokea hivyo. Maneno ya mfululizo yaliyozoeleka sana, kama hesabu au wimbo, mara nyingine hubaki hata kama maneno mengine yamepotea.

Baba mdogo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema tungoje mpaka Ijumaa. Ijumaa ilipofika hakusema neno. Mzee mmoja kati ya wale wawili aliondoka kwa hasira. Hata leo hajaja kumjulia kaka hali, na nauli ya gari lile tulidaiwa sisi.

Nauli hiyo ilituuma, lakini bega la kaka lilinusurika. Nasema hivyo kwa sababu hata katika kupenda tunaweza kumwumiza mgonjwa. Ndugu mmoja alikuja kumsalimu, akamshika mkono ule uliolegea, akauvuta ili amwinue. Muuguzi alipiga kelele wodi nzima ikageuka. Misuli ya bega ikilegea, mfupa wa mkono unaning'inia katika kiungo chake. Ukiuvuta, bega linaumia, na maumivu yake hukaa miezi mingi. Mgonjwa mwenye bega bovu hakubali mazoezi ya mkono tena. Kwa hiyo usimwinue kwa kumvuta mkono. Wala usimshike kwapani. Sisi tulifundishwa kumfunga kitenge kiunoni kama mkanda, tukakishika hicho. Kiti kiliwekwa upande wake wenye nguvu. Siku ya 4 alisimama, kijana akilizuia goti lake bovu kwa goti lake mwenyewe. Siku ya 6 alihamia kwenye kiti. Siku ya 9 alipiga hatua nne, mimi kushoto, kijana kulia. Nilizihesabu.

Usidhani kila siku ilikuwa ya furaha. Siku ya 7 kaka hakutaka kuamka. Aligeukia ukutani akalia. Sikuwa nimemwona kaka yangu akilia tangu tulipomzika baba. Daktari alisema huzuni hiyo huwapata wagonjwa wengi wa kiharusi, kwa kuwa ubongo wenyewe umeumia, na kwa kuwa mtu anajiona amegeuka mzigo. Asikaripiwe. Ikizidi, daktari aambiwe, maana ina matibabu yake. Siku ile tulimwacha apumzike asubuhi. Mchana shemeji akaja na utepe wa kupimia na kopo la vifungo kutoka kibandani kwake.

Hilo ndilo lililomwinua. Kijana wa mazoezi alifurahi kuliko sisi. Alisema zoezi lenye maana kwa mgonjwa hufanyika vizuri kuliko kukunja na kukunjua mkono bure. Basi kaka akawa anavihamisha vifungo kutoka kopo hili kwenda lile. Mkono mzuri ulifungwa kitambaa kwa dakika chache ili usije ukaiba kazi. Siku ya kwanza alihamisha vifungo 3. Vingi vilianguka sakafuni. Mtoto wa mgonjwa wa jirani akawa anaviokota. Siku tuliyoruhusiwa alihamisha 11.

Ukiwa na mgonjwa mkulima, mpe punje za mahindi. Mama apewe mwiko na sufuria tupu. Lakini kwanza umwulize mtaalamu.

Hospitali zetu wataalamu wa mazoezi ni wachache. Kijana yule alikuwa na wodi nne. Kwa kaka alikaa kama nusu saa kwa siku. Siku ina saa 24. Zilizobaki zilikuwa mikononi mwetu. Kwa hiyo kila alipokuja nilisimama karibu. Nilimwomba nifanye mimi, yeye atazame. Shemeji, ambaye anaandika vizuri, alichukua daftari akaandika: saa ya kumgeuza, saa ya kumkalisha, mara ngapi, dakika ngapi. Daftari hilo tulirudi nalo nyumbani, na kazi ikaendelea uani kwa utaratibu ule ule.

Sasa umepita muda. Kaka anatembea kwa fimbo mpaka dukani. Maneno yamerudi mengi, ingawa anapokasirika huchanganya. Mkono wa kulia haujapona sawasawa, na huenda usipone. Hakati tena vitambaa. Mtoto wake ndiye anayekata. Yeye anakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, anashona pindo na mishono iliyonyooka. Vidonge vya presha anameza kila siku, hata siku anazojisikia mzima, maana aliyewahi kupatwa na kiharusi anaweza kupatwa tena. Chumvi ya mezani shemeji ameificha, na kaka analalamika kila jioni.

Nimekwisha kueleza mengi. Limebaki jambo moja, watu hulisahau wakati wa haraka. Ukimpeleka mgonjwa wa namna hii hospitali, beba mito miwili, vitenge vitatu, kijiko kidogo, daftari na kalamu. Beba na viatu vyake vilivyofunika kisigino, kwa kuwa siku chache tu baadaye ataambiwa asimame. Kandambili ziache nyumbani, zinateleza.